Siku ya Mwisho Ziwani: Kurudi Mbita kwa Tanga Pamoja na Watoto

Tumeifanya safari hii mara tatu sasa: mimi na mume wangu, watoto wetu watatu, na dada yangu anayetoka Nakuru na wanawe wawili. Tunakodi boti ya mbao yenye tanga, injini ndogo ya akiba nyuma, na nahodha aliyezaliwa kisiwani. Kutoka mji wa Mbita tunazunguka visiwa vya Rusinga, Takawiri na Mfangano, Ziwa Victoria upande wa Kenya, kwa siku nne, na usiku tunalala nchi kavu. Jamaa wakituuliza, maswali yao huwa ya siku ya kwanza: boti inakodishwa wapi, watoto watakula nini, mama mkwe atapandaje. Siku ya mwisho haiulizwi na mtu, na ndiyo inayohitaji akili zaidi.

Siku ya kwanza kila mtu yuko macho. Mtoto anavaa jaketi ya kuokoa maisha bila kuambiwa mara mbili, na mtu mzima anaangalia anapokanyaga. Kufikia siku ya nne maji yamezoeleka. Jaketi zinakaliwa kama mito, kamba zimetupwa ovyo sakafuni, na wakubwa wanahesabu saa za basi.

Mara yetu ya kwanza tuliondoka Mfangano saa tisa alasiri, kwa sababu watoto waliomba waogelee mara moja tu na sisi tukakubali. Upepo ulikuwa umeshapata nguvu. Mawimbi yalitufuata kwa nyuma na kumwagika ndani, dada yangu akawa anakumba maji kwa sufuria tuliyopikia ugali, mkono wa pili ameushika mguu wa mwanawe. Tulifika Mbita salama, giza likiingia. Nahodha hakusema neno hadi tulipofunga kamba, kisha akaniambia, "Mama, mngeniambia jana kwamba mnataka kuchelewa, ningewaambia tulale." Yote ninayoyaandika hapa yametoka kwenye sentensi hiyo.

Hatua ya 1: Jipange na upepo kwanza, basi baadaye

Upande wetu wa Ziwa Victoria, siku ya kawaida huenda hivi. Usiku nchi kavu hupoa haraka kuliko maji, basi hewa husukumwa kutoka bara kwenda ziwani, na asubuhi utaukuta upepo mwepesi unatoka mashariki. Jua likipanda, ardhi hushika joto mapema na maji hubaki nyuma. Kuanzia saa tano hadi saa saba hivi upepo hugeuka: sasa unatoka ziwani, magharibi, ukielekea bara. Alasiri huwa mkali. Wavuvi wa Nam Lolwe, ndilo jina la ziwa hili kwa Kiluo, wameutegemea mpangilio huu tangu enzi za mababu. Alfajiri upepo wa bara unawatoa, mchana upepo wa ziwa unawarudisha.

Mbita iko mashariki ya Mfangano, na hapo ndipo penye uamuzi. Ukiondoka asubuhi kwa tanga, utakuwa unabisha upepo wa mbele, mshazari huku na mshazari kule, na watoto watachoka gati la Sena, la huko Mfangano, lingali likionekana mgongoni. Ukingoja alasiri, upepo utakuwa nyuma yako lakini umeshakomaa, na mawimbi yamekuwa marefu. Sisi siku hizi tunaikata siku vipande viwili. Asubuhi, maji yakiwa yametulia, tunatumia injini hadi Takawiri, kisiwa kidogo kilicho jirani na Mfangano. Hapo tunapumzika hadi upepo ugeuke. Kisha tunatweka tanga upepo ungali mchanga, na kufikia saa nane mchana tuko Mbita.

Kutoka Sena hadi Mbita hakufiki kilomita 20. Kwa upepo wa kadiri boti ya mbao huenda kama kilomita nane kwa saa, kwa hiyo kipande cha tanga hakiwezi kula zaidi ya saa mbili na kitu. Muda upo wa kutosha. Unaoumaliza ni sisi wenyewe.

Na sharti moja ambalo silegezi: usikate tiketi ya basi la siku hiyohiyo. Mtu mwenye tiketi ya saa kumi mfukoni hawezi kulitazama wingu kwa haki. Atajiambia ni dogo.

Hatua ya 2: Jioni ya kuamkia, keti na nahodha

Usimwache aende kwao kabla hamjazungumza. Muulize mafuta yamebaki kiasi gani, na umwombe akuonyeshe mtungi, asikutajie tu. Muulize upepo wa jana na juzi uligeuka saa ngapi, maana siku zinazofuatana hufanana. Muulize akiona hali mbaya njiani atakimbilia wapi. Nahodha mzuri hulijibu swali hili bila kufikiri: atakutajia ufuo fulani wa Rusinga, au ghuba fulani upande wa bara, na kwa nini. Akikwama, kaeni pamoja mpate jibu usiku huohuo. Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa hutoa utabiri wa Ziwa Victoria kwa ajili ya wavuvi, na watu wa BMU, kamati inayosimamia ufuo, huwa wameusikia. Pita kwao ukaulize.

Halafu mwambie maneno haya, na umwambie mbele ya mumeo na watoto wote: "Kesho ukisema hatuendi, hatuendi." Nahodha anayelipwa kwa siku amezoea kusukumwa na wateja. Anaogopa kuonekana mwoga, anaogopa kupoteza kazi ya wiki ijayo. Mara nyingi anakubali kuondoka huku moyo wake unakataa. Ukimfungulia mlango mapema, kesho yake hatasita kukwambia ukweli.

Mizigo igaweni kabla ya kulala. Mfuko mmoja usioingiza maji ubebe vitambulisho, simu, dawa, pesa taslimu na nguo kavu moja moja za kila mtoto. Mfuko huo ukae mahali mkono unafika. Mengine yote yafungwe yawekwe chini, katikati ya boti, uzito usielemee upande mmoja. Gunia moja ni la taka, na linarudi nanyi bara. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 28 Agosti 2017, lakini chupa na karatasi za biskuti bado zinafika visiwani kwa mikono ya wageni, na kule hakuna gari la kuzizoa.

Nyumba ya wageni ilipeni usiku. Mtandao visiwani hupotea asubuhi ukiuhitaji zaidi, na M-Pesa iliyokwama huwachelewesha saa nzima mkiwa mmesimama mlangoni na mizigo.

Hatua ya 3: Alfajiri, tazama kabla ya kugusa kitu

Jua huku hutoka karibu saa kumi na mbili na nusu, mwaka mzima bila tofauti kubwa. Usiondoke kabla yake. Usiku usio na mwezi ziwa lote hujaa taa za wavuvi wa omena, yaani dagaa, zimetapakaa mpaka unadhani kuna mji ng'ambo. Ni jambo la kupendeza kulionyesha watoto kabla hawajalala. Lakini gizani chini ya taa hizo kuna nyavu na kamba, na wenye boti wanazivuta kwa uchovu wa usiku kucha. Waacheni warudi kwanza.

Simama ufuoni utazame magharibi. Ngurumo za usiku huzaliwa juu ya maji na mara nyingi huwa bado zinatembea alfajiri. Mawingu ya mchana huanzia upande wa pili, juu ya milima ya bara. Kwa hiyo asubuhi hatari hutafutwa ziwani, na mchana hutafutwa nchi kavu. Ukiona wingu jeusi lenye pindo la chini lililonyooka kama ukingo wa meza, na maji chini yake yamekuwa meusi, chai iendelee kunywewa. Hakuna safari kwa sasa.

Kabla ya kuwasha injini, nahodha ainue propela aikague. Gugumaji, yale majani yanayoelea ziwani, husafiri na upepo na huweza kufunga ufuo usiku mmoja. Mizizi yake ikijisokota kwenye propela, injini izimwe kabisa kabla mtu hajaingiza mkono.

Hatua ya 4: Takawiri, na kuogelea kwa mwisho

Watoto watataka kuogelea. Wapeni nafasi hiyo, wameingoja. Ila ipangieni saa na mahali.

Kichocho kipo Ziwa Victoria. Konokono wanaokibeba hukaa kwenye maji ya kina kifupi yenye majani na matete, karibu na pale watu wanapofua na kuteka. Vijidudu hutoka ndani ya konokono zaidi jua likiwa kali, kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Kwa hesabu hiyo asubuhi mapema ingekuwa bora. Lakini alfajiri ndipo kiboko anaporudi majini kutoka malishoni, na njia yake ni haohao matete. Saa tuliyoichagua sisi ni saa mbili asubuhi, kwenye mchanga mweupe wa Takawiri usio na majani, baada ya kuwauliza wenyeji kama wiki hiyo wamemwona kiboko au mamba. Swali hilo usiliruke hata kama uliuliza juzi.

Nusu saa inatosha. Kisha kila mtoto asuguliwe kwa taulo mara moja, kwa nguvu, miguu na mapaja zaidi. Taulo haiondoi hatari yote, na nitarudi kwa jambo hili mwishoni.

Wape chakula kizito hapo Takawiri: chai, viazi vitamu, mayai ya kuchemsha. Njaa na mawimbi vikikutana tumboni mwa mtoto, ni kutapika. Maji ya kunywa yawe mengi. Ziwa hili liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na karibu kabisa na ikweta, na ule upepo mtamu unamdanganya mtoto asijue jua linamchoma. Kofia zifungwe kwa uzi chini ya kidevu. Tumepoteza nne.

Hatua ya 5: Kungoja upepo ugeuke

Hiki ndicho kipande ninachokipenda kuliko vyote, na ndicho watu wasio na subira hukiharibu.

Kata utepe wa kitambaa chepesi, kipande cha leso iliyochakaa kinafaa, urefu wa mkono wa mtoto. Funga kwenye kamba inayoshika mlingoti, juu ya kimo cha mtu mzima. Kazi ya kuutazama mpe mtoto mmoja, na iwe kazi kwelikweli, si ya kumnyamazisha. Mwaka jana kitindamimba wetu alikalia mtungi wa maji shingo juu kwa muda nisioamini mtoto wa miaka sita anaweza. Utepe ulikuwa unapepea kuelekea ziwani, kivivu. Ukalegea. Ukaanguka ukalala kwenye kamba, na boti yote ikawa kimya mpaka tukawa tunasikia kuku wa ufuoni. Hewa ikawa nzito, jasho likatutoka. Kisha ncha ya utepe ikainuka peke yake, ikashuka, ikainuka tena, safari hii ikielekea Rusinga. Mtoto hakupiga kelele. Alisema tu, "Umegeuka," na nahodha akasimama.

Ukiutazama upande wa magharibi wakati huo utaona mstari mweusi juu ya maji, unakuja polepole. Hayo ni mawimbi madogo ya upepo mpya. Moshi wa jikoni ufuoni nao utainama kuelekea bara. Dalili hizi tatu zikikubaliana, ngojeni robo saa zaidi mhakikishe haukuwa upepo wa kupita, ndipo mtweke.

Hatua ya 6: Njia ya kwenda Mbita

Twekeni tanga likiwa limepunguzwa tangu mwanzo. Najua nahodha wengi huona aibu kwenda na tanga dogo upepo ukiwa bado mwepesi, lakini upepo wa ziwa huongezeka kadiri mchana unavyosonga. Kupunguza tanga katikati ya mawimbi, watoto wakiwa miguuni, ni kazi ngumu kuliko kufika nusu saa baadaye.

Upepo wa mgongoni hudanganya. Boti inatulia, joto linarudi, kila mtu anadhani upepo umepungua kwa sababu mnakwenda nao. Hatari yake ni tanga kugeuka ghafla kutoka upande mmoja hadi mwingine. Mti wa tanga ukipita kwa kasi hiyo unampiga mtu kichwani au unamtupa majini. Kwa hiyo usiende upepo ukiwa mgongoni kabisa. Mwombe nahodha auweke begani, aende mshazari kidogo, hata kama njia itarefuka. Watoto wakae sakafuni, katikati, na asisimame mtu bila kumwambia nahodha. Kamba ya demani, ile inayozuia tanga, ishikwe mkononi na mtu mzima. Usiifunge fundo la kudumu, maana upepo ukipiga kwa nguvu ghafla unatakiwa uilegeze papo hapo.

Rusinga itakuwa kushoto kwenu, na milima ya bara kulia. Huko Rusinga ndiko alikozikwa Tom Mboya, waziri aliyeuawa mwaka 1969, na ndiko mtafiti Mary Leakey alikovumbua fuvu la Proconsul, sokwe wa kale, mwaka 1948. Wasimulieni watoto mkipita. Lakini msishawishike kutia nanga "dakika kumi tu". Kaburi la Mboya ni la siku ya kwanza au ya pili, mkiwa na muda wa kusoma kilichoandikwa. Leo mnapita.

Kabla ya kuondoka Takawiri, wafundisheni watoto jambo moja kwa mdomo na kwa mkono: boti ikipinduka, hatuogelei kwenda ufuoni hata kama ufuo unaonekana karibu. Tunashika boti. Boti ya mbao huelea hata ikijaa maji, na watu huonekana kwa urahisi wakiwa wameishikilia. Washikisheni mikono yao ubaoni huku wakisema. Mtoto aliyeshika anakumbuka kuliko aliyesikia.

Ngurumo ikiwakuta

Hesabu sekunde kati ya mwanga na mlio. Kila sekunde tatu ni kama kilomita moja. Mkihesabu thelathini au pungufu, radi iko ndani ya kilomita kumi, na mlingoti wenu ndicho kitu kirefu kuliko vyote hapo majini. Shusheni tanga, washeni injini, nendeni ufuo wa karibu mliokubaliana jana usiku. Msikimbilie Mbita. Kama hamjafika bado, kila mtu akae chini mbali na mlingoti na vyuma, na mikono isiguse maji. Mkishafika nchi kavu, ingieni ndani ya nyumba, si chini ya mti, mkae nusu saa nzima baada ya mlio wa mwisho. Sisi watu wa magharibi, hasa mwenye jamaa Kisii au Kakamega, hatuhitaji kuelezwa radi inafanya nini.

Hatua ya 7: Kuingia Mbita

Hapa ndipo watoto husimama. Wameona maduka, wameona bodaboda, mmoja ameona mtu anauza mandazi. Jaketi zinaanza kufunguliwa. Kataeni. Jaketi inatoka miguu ikiwa kwenye udongo, kwa wakubwa pia, na mkubwa ndiye anayepaswa kuvaa ya kwake mpaka mwisho ili mtoto asione ni adhabu ya watoto.

Shusheni tanga mapema, mkiwa bado na nafasi, mwingie kwa injini taratibu. Sehemu hii ina boti za abiria zenye haraka na nyavu zilizowekewa chupa za plastiki kama maboya. Mtu mmoja akae omo, mbele kabisa ya boti, kuangalia chupa hizo. Boti ikikaribia gati, mkono wa mtu usitoke nje ya ubavu. Boti iliyobeba watu kumi na mizigo haisimamishwi kwa kiganja, na vidole husagika kati ya mbao na zege. Hiyo ndiyo kazi ya tairi lililoning'inizwa. Wa kwanza kushuka ni mwenye kamba, wa pili mtu mzima wa kupokea, kisha watoto mmoja mmoja, mkubwa kwa mdogo wakipishana. Mizigo hungoja watu wote wamalize.

Hatua ya 8: Kurudisha boti

Msiikabidhi mkiwa mmesimama kwa mguu mmoja. Tengeni saa nzima. Maji ya ngamani, yaliyotuama chini ya boti, yakumbwe yaishe, mchanga ufagiliwe, tanga likunjuliwe likaguliwe mbele ya mwenye boti, kamba zihesabiwe. Pigeni picha za tanga, injini na ubavu wote wa boti, kama mlivyopiga siku ya kwanza.

Nasema hivi kwa sababu mara ya pili tulikatwa pesa za amana kwa tundu la tanga lililokuwepo tangu tulipoichukua boti. Mwenye boti alisimama na neno lake, sisi tulisimama na letu, na hakuna upande uliokuwa na picha. Iliniuma, si kwa sababu ya pesa tu. Tuliagana vibaya na mtu tuliyekaa naye vizuri siku nne. Tangu hapo picha hupigwa na kifungua mimba wetu siku ya kwanza, kabla hata mizigo haijapakiwa.

Nahodha alipwe kando, mkononi mwake, na kwa shukrani inayosikika. Watoto wamuage mmoja mmoja. Kwetu mtoto haondoki bila kumpa mkono mtu mzima aliyemlinda, na nahodha wetu huwa anawauliza kila mmoja ni kitu gani atakikumbuka. Msimharakishe hapo.

Hatua ya 9: Samaki wa nyumbani

Huwezi kutoka ziwani mikono mitupu. Jirani atakuuliza, na mama mkwe hatauliza lakini ataona. Chagua ngege, yaani tilapia, mwenye jicho angavu lisilozama, na matamvua mekundu. Ubonyeze ubavu kwa kidole: nyama irudi juu mara moja. Akisafishwa, apigwe chale, apakwe chumvi, aachwe achuruze maji, kisha akaangwe mpaka akauke vizuri. Aliyekaangwa kijuujuu kwa ajili ya kuliwa hapohapo hatafika Nakuru akiwa mzima. Mwache apoe kabisa kabla ya kumfunga, kwa karatasi ya gazeti ndani ya kikapu au katoni yenye matundu. Samaki wa moto akifungwa hutoa jasho, na kufikia Kericho ameanza kunuka. Mbuta mbichi, yule sangara mkubwa, mnunue tu kama mna sanduku la barafu. Omena mkavu ndiye rahisi kuliko wote: mwaga kidogo kiganjani, asiwe na mchanga, na anukie vizuri, si uchachu.

Hatua ya 10: Barabara

Kutoka Mbita kupitia Homa Bay, Kendu Bay na Katito hadi Kisumu ni muda wa saa tatu hivi. Laleni Kisumu. Wa Nakuru waendelee kesho yake asubuhi, maana ni kilomita 180 hivi nyingine, na alasiri upande wa Kericho hushuka mvua na ukungu, dereva amechoka na watoto wamelala vichwa vikigonga vioo. Dada yangu aliendelea usiku mara moja. Hajarudia.

Hatua ya 11: Wiki sita baadaye

Mkifika nyumbani, kabla ya kufua nguo, fungueni kalenda.

Andikeni tarehe ya kurudi. Kwa miezi miwili tangu siku hiyo, homa yoyote ya mtoto au mtu mzima ni ya kupimwa malaria siku hiyohiyo, na daktari aambiwe mlikuwa visiwa vya Homa Bay. Hili nalisisitiza kwa watu wa Nakuru na sehemu nyingine za juu zenye baridi. Malaria ni chache kwenu, na daktari asipoambiwa safari anaweza kuanza na mafua. Dalili huanza kuanzia siku ya saba hivi, wakati likizo imeshasahaulika. Chanjo ya malaria ilianza kutolewa kwa watoto wa maeneo ya ziwa mwaka 2019, na hiyo ni habari njema, lakini haijaondoa haja ya chandarua wala ya kipimo.

Kisha hesabuni wiki sita hadi nane kutoka siku mlipoogelea, mweke alama. Hiyo ndiyo tarehe ya kupima kichocho, kwa wote mlioingia majini, hata asiyeumwa. Kupima wiki ya kwanza hakusaidii, kwa kuwa mayai huwa bado hayajaonekana kwenye choo. Ikipatikana, dawa yake ni prazikwanteli, na kipimo chake hutegemea uzito, kwa hiyo msigawane vidonge nyumbani. Mtoto akipata homa, vipele vya kuwasha au kikohozi kabla ya tarehe hiyo, msiingoje. Mpelekeni, mkamtajie daktari ufuo, siku na saa alipoogelea. Sisi huandika hayo matatu nyuma ya kadi ya kliniki ya kila mtoto, jioni ileile tunapofika, kabla mchanga wa Takawiri haujatoka kwenye viatu.